Tulipoanza Kuchanga Risasi

Jumapili jioni, mwezi wa nane.

Upepo wa leo haukuwa na adabu. Tangu asubuhi umelibeba vumbi la Chang'ombe nzima hapa Dodoma na kulileta sebuleni kwangu, na Mama Neema amefagia, amefagia tena, mwisho kachoka kaliacha. Mimi nimekaa na mkono wa kushoto juu ya mto, naandika kwa dole gumba la kulia, herufi moja moja. Blogu hii binti yangu Neema alinifungulia ili niwe naweka picha za makabati na vitanda ninavyotengeneza karakanani kwangu Kizota. Picha zimekwisha siku nyingi. Sasa naandika yanayonikaa rohoni, na mteja aliyekuja kutafuta kitanda itabidi anivumilie.

Leo nimemwambia rafiki yangu jambo ambalo niliombwa nisimwambie. Tangu alipoondoka hapa sijaweza hata kunywa chai.

Mimi ni mwindaji wa ndege. Wa kujifurahisha tu, mwenye leseni na kibali, wa kanga na kwale basi. Bunduki yangu ni ya marisau, zile punje ndogo za risasi zinazotawanyika, mtutu mmoja, niliirithi kwa baba kwa taratibu zote za polisi. Kwa miaka mingi Jumamosi yetu ilikuwa moja. Tunatoka mjini asubuhi na gari la Imti, tunashika barabara ya Bahi, tunaingia porini, tunatembea, tunapiga soga, tunapiga kanga wawili watatu, tunarudi. Nje ya msimu tulikuwa tunarusha visahani vya udongo hewani na kuvilenga, anayekosa anabeba maji ya wenzake. Tulikuwa wanaume saba.

Imti ni Imtiaz, mwenye duka la vipuri mjini, Mhindi mzaliwa wa Kondoa ambaye ukimsikia kwenye simu huwezi kujua ni Mhindi. Tulijuana nilipomtengenezea shelfu za duka lake. Alikataa zile za kwanza, nikamtukana, akanitukana, nikatengeneza upya, na tangu hapo hatujaachana. Huyu hali ndege asiyechinjwa. Akipiga yeye anataja jina la Mungu kabla ya kufyatua, lakini tukipiga sisi Wakristo inabidi amuwahi ndege angali hai. Kwa hiyo kila bunduki ikilia, utamwona Imti na kitambi chake anakimbia nyasini na kisu kidogo mkononi, anauliza kwa sauti, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Tumecheka mpaka mbavu zikauma, miaka yote hiyo.

Mwingine ni Dakta. Si daktari wa watu, ni bwana mifugo mstaafu, mzee wa Kichaga aliyeletwa Dodoma na kazi akasahau kurudi kwao. Ametuzidi umri sana, mimi na Imti tunamwamkia shikamoo kila tunapokutana. Sikilizeni hilo la shikamoo, kwa sababu nitalirudia.

Halafu risasi zikapanda bei.

Kwanza zilipanda kidogo, tukalalamika tukanunua. Zikapanda tena. Muuzaji akawa na maelezo mapya kila tukienda: mara dola, mara vita huko mbali, mara mzigo umekwama bandarini. Kiasi kilichokuwa kinanunua boksi zima kikawa kinanunua risasi za kushika kiganjani. Baadaye hata hizo zikawa hazipo. Unahangaika kupata kibali cha polisi cha kununua, unapewa, unakwenda nacho dukani, unakuta rafu tupu na kijana anachezea simu. Visahani vya udongo tuliacha kabisa, nani atapoteza risasi kwenye udongo?

Najua kuna atakayesoma hapa aseme, watu wanalia bei ya unga na mafuta, huyu analilia marisau. Ni kweli kabisa. Ni anasa, na sina haki ya kumlalamikia mtu. Lakini ukiitwa fundi wiki nzima, ukadaiwa kabati na mlango wiki nzima, ukawa na siku moja ya kutembea porini na watu wanaokujua, siku hiyo ikiondoka unaumia. Mimi niliumia.

Watu walianza kupungua. Hakuna aliyeaga. Mmoja kasema mgongo, mwingine kasema harusi, mwingine hapokei simu. Ukweli ni aibu. Mwanamume hataki kwenda porini na bunduki begani na risasi mbili mfukoni, atembee siku nzima akiwaangalia wenzake wanapiga. Mwisho tukabaki watatu, Imti, Dakta na mimi. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta visingizio, maana sikuwa na risasi hata moja.

Imti akanishtukia. Akaja karakana, akakaa juu ya mbao zangu, akasema kuanzia sasa tunachanga. Kila mtu akifika porini anamimina alichonacho kwenye kapu moja, tunagawana sawasawa, hakuna kuuliza nani kaleta nini. Alisema kwa ukali, kama vile mimi ndiye niliyemkosea. Niligeuka nikajifanya natafuta msumari, maana machozi yalinilenga.

Tuliishi hivyo karibu msimu mzima. Kapu lilikuwa la ukindu, la mke wake Imti la sokoni. Dakta alileta risasi zake za zamani, alizozihifadhi kabatini tangu yuko kazini, za rangi zote. Imti alileta za dukani. Mimi nilileta mihogo ya kuchemsha na kelele.

Hapa nieleze jambo moja la ufundi, halina ugumu. Bunduki za marisau zina namba, na namba ikiwa kubwa tundu la mtutu linakuwa dogo, usiniulize kwa nini. Sisi wote tulitumia namba kumi na mbili. Namba ishirini ni nyembamba zaidi. Risasi ya ishirini ukiitumbukiza kwenye bunduki ya kumi na mbili haikai mahali pake, inateleza inakwenda kukwama ndani ya mtutu, na wewe ukitazama nyuma unaona patupu. Ukiweka nyingine nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka. Kila mwenye leseni anafundishwa hili. Ndiyo maana risasi za ishirini kwa kawaida hutiwa rangi ya njano, mtu asichanganye.

Msimu huu ulipofunguliwa, Imti alizunguka kote akakosa kumi na mbili. Alichopata ni ishirini chache, za kampuni tusiyoijua, nyekundu. Kabatini kwake kuna bunduki ya ishirini ya marehemu mama yake, nyepesi, ambayo yule mama alipigia kwale Kondoa akiwa na sari yake. Imti akaiombea kibali akaitoa. Akasema yeye atatumia ya mama, na kumi na mbili zake zilizobaki atatuachia mimi na Dakta kwenye kapu. Zote alikuwa amezitia kwenye mfuko mmoja. Porini akamimina mfuko juu ya boneti, akachambua zake akatia mfukoni, za kwetu akatia kapuni, huku anatusimulia mambo ya mkwewe. Tulikuwa tunacheka.

Sikuona kitu. Hakuna aliyeona kitu.

Kanga walitoka kwenye vichaka mbele yangu, kundi zima, wanakimbia. Nikatia risasi, nikalenga, nikafyatua, ikasema ta, kimya. Nikafungua, patupu. Nikajiambia, Nyemo unazeeka, hata risasi hujaweka. Nikatia nyingine haraka haraka kwa sababu kanga walikuwa wanaondoka na kwa sababu, niseme ukweli, risasi ile nilipewa na sikutaka kurudi bila kumwonyesha Imti kwamba hakunipa bure. Ningechungulia mtutu, leo nisingekuwa na haya ya kuandika.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka nimekaa chini nimeushika mkono, na Imti anakuja mbio na kisu chake, anatazama nyasini huku na huku, ananiuliza, "Yuko wapi, Fundi? Yuko wapi?"

Alikuwa anamtafuta ndege.

Dakta ndiye aliyenifunga. Alinifunga kwa bandeji za ng'ombe, na njia nzima ya kurudi mjini alinishika kifua ananisemesha nisilale. Hospitali waliokoa dole gumba na kidole cha mwisho. Vitatu vya katikati havipo. Mkono wa kushoto wa seremala ndio unaoshika patasi. Wa kulia kazi yake ni kugonga tu.

Tangu siku hiyo ilisemekana ni risasi za Dakta. Imti ndiye aliyesema wa kwanza, pale pale hospitali, kwenye benchi, mbele ya mke wangu. Za kabatini, za zamani, baruti imeoza, mzee kachanganya uchafu kwenye kapu. Dakta hakubisha, kwa sababu na yeye aliamini hivyo. Alipeleka bunduki yake polisi akasema haitaki tena. Mama Neema hakumkaribisha ndani mara mbili alizokuja, akarudia mlangoni. Na wiki iliyopita Imti alikutana na Dakta sokoni, akampita. Hakumwamkia. Niliambiwa na watu watatu tofauti, maana katika mji huu mtu mzima kumpita mzee wa rika lile bila shikamoo ni jambo la kusimuliwa.

Mimi nililala hapa naletewa biriani na Imti siku kwa siku, nakula, namsikiliza anavyomlaani Dakta. Nilidhani ni kweli.

Ijumaa niliitwa polisi kuhusu bunduki. Afisa mwenye ujuzi wa silaha alinionyesha mtutu wangu ulivyochanuka. Roho iliniuma kuona mtutu wa baba vile. Kisha akanionyesha alichokitoa ndani yake: kitako cha shaba cha risasi, kidogo, na kipande cha plastiki kilichoungua. Akakisogeza kwenye mwanga. Kilikuwa chekundu, na pembeni mwa shaba ilisomeka namba, ishirini. Akanieleza nilichokwisha kukielewa. Akasema ni ajali, atafunga jalada, niende nikaugulie mkono.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Hasira niliyokuwa nayo sikujua niipeleke kwa nani. Kwa Imti, aliyetia risasi mbili tofauti kwenye mfuko mmoja? Yule aliyeleta zile risasi kwa sababu hakutaka nibaki nyumbani na aibu yangu? Nilijaribu kumchukia kwa muda mfupi pale kwenye ngazi, nikashindwa, nikawachukia wenye maduka, nikaichukia dola ambayo hata sijawahi kuishika. Nikajichukia mimi na haraka yangu. Mwisho nikapanda bodaboda.

Jana nilikwenda kwa Dakta. Nilimkuta anachanganya pumba za kuku. Shikamoo Dakta. Marahaba Fundi, vipi mkono? Nikamweleza yote bila kuzunguka. Alikaa juu ya gunia. Akasema, "Kwa hiyo si zangu." Akasema tena, "Si zangu." Kisha mzee yule alilia, na mimi nikasimama pale na bandeji yangu sijui hata pa kumshika.

Alipotulia aliniomba nisimwambie Imti. Alisema yeye ameshajua ukweli, Mungu anaujua, inamtosha. Yule akiambiwa hataweza kuubeba. Mwache anichukie, alisema, kunichukia kunampa usingizi. Nilimwahidi. Ndiyo, nilimwahidi kwa mdomo wangu, na nikapewa trei ya mayai.

Leo mchana Imti kaja na bakuli lake. Mke wangu alikuwa amepika mlenda, na Imti kwa mlenda ni mtoto, huacha biriani yake mwenyewe akala mlenda wetu. Kala vizuri. Kisha akaanza. Dakta hivi, Dakta vile, mzee mchoyo anayehifadhi risasi mpaka zinaoza, amenimaliza rafiki yangu. Mama Neema anaitikia kwa kichwa. Nilimtazama Imti, nikaona jinsi alivyokonda. Usingizi gani anaoupata? Macho yamemwingia ndani. Nikafikiri, Dakta amekosea. Kumchukia hakumpi chochote huyu, kunamla tu. Tena ukweli huu nikikaa nao mimi peke yangu nitakuja kuutema siku mbaya, nikiwa nimeshindwa kushika patasi, nikiwa na uchungu, nautema kwa kumwumiza.

Bora leo, nikiwa bado nampenda.

Nilisema, "Imti, haikuwa risasi ya Dakta. Waliitoa kwenye mtutu. Ilikuwa ishirini."

Hakuuliza ya nani. Alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kwenye sahani polepole. Mama Neema aliacha alichokuwa anafanya. Nikasema ni ajali, afisa kaandika ajali, na mimi nilipaswa kuchungulia mtutu. Nilisema mengi, yote ya kweli, sidhani kama alisikia hata moja.

Akauliza, "Nyekundu?"

Nikamwambia nyekundu.

"Dakta anajua?"

Nikamwambia anajua tangu jana. Na kwamba aliniomba nisimwambie yeye.

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Alinyanyuka, akanawa mkono wake wa kulia kwenye beseni, akaunawa tena, akausugua hata nikamwambia basi. Akauchukua mkono wangu wenye bandeji kwa mikono yake miwili, akaushika bila kuubana. Akaondoka. Bakuli lake la biriani bado liko mezani halijafunuliwa.

Mama Neema aliniambia nimefanya ukatili. Kisha akaingia chumbani, nikamsikia anapiga simu kwa Dakta kumwomba radhi kwa zile mara mbili za mlangoni. Simu haikupokelewa.

Tangu hapo nimekaa hapa nikisikiliza upepo. Imti hapokei. Nimempigia mke wake, anasema hajafika nyumbani. Nilianza kupata picha mbaya kichwani, kwa sababu ile bunduki ya mama yake iko kabatini kwake na funguo anazo yeye. Naandika tu ili dole hili liwe na kazi.

Hapa nilikatishwa, simu imeita. Alikuwa Dakta.

Anazungumza kwa kunong'ona. Anasema gari la Imti liko nje ya geti lake tangu alasiri, limesimama, injini imezimwa. Imti yumo ndani. Hashuki. Dakta alitoka mara moja akagonga kioo, Imti akasema shikamoo, akashindwa kuendelea, akainamia usukani. Dakta akarudi ndani, akaogopa. Mzee aliyezalisha ng'ombe wa mkoa mzima ananiuliza mimi, "Fundi, yupo pale hashuki. Nimfanyeje?"

Nimemwambia afungue mlango wa upande wa pili, aingie, akae naye.

Amesema upepo ni mkali na koti haliko karibu. Nikamwambia, Dakta, nenda hivyo hivyo. Hakukata simu. Nimesikia malapa yake uani, nimesikia geti, nimesikia mlango wa gari unafunguliwa na kufungwa. Baada ya hapo sauti ya mtu mzima analia, na sauti ya Dakta inasema marahaba, marahaba mwanangu, marahaba.

Nimekata mimi.

Kesho nitakwenda Kizota. Sijui nitashika nini na kwa mkono gani, ila nitafungua mlango wa karakana.